Koti la Kambo Laurent

Delphine alijishona kidole mchana kweupe. Sindano ya cherehani ilipita kwenye nyama karibu na ukucha, na yeye hakupiga hata kelele. Hapo nikajua mambo yameharibika, kwa sababu Delphine ninayemjua mimi akiumwa na siafu mmoja, commune nzima ya Kenya, mtaa wetu hapa Lubumbashi, inapata habari. Siku ile alikaa tu akitazama simu mapajani, damu inadondoka juu ya kitenge kipya.

"Weye! Damu!" nikamwambia. "Utaharibisha nguo ya bantu!"

"Haina nguo ya bantu," akajibu polepole. "Ni ya kambo."

Kambo, kwetu Lubumbashi, ni mzazi wa mzazi wako, awe mume awe mke. Na mimi naitwa Kiki. Nasuka nywele kwenye baraza moja na Delphine, yeye na cherehani yake upande wa mlango, mimi na viti vyangu upande wa barabara. Masista walinifundisha Kiswahili cha vitabu nikakishika, basi nitasimulia nacho. Lakini watu wakifungua midomo nitawaacha waseme kama tunavyosema hapa: bantu ni watu, njo ni ndiyo, haina ni siyo, sawa ni kama, mais ni lakini. Siwezi kumfanya Kambo Annie azungumze kama padri kwenye misa, atanipiga.

Nikamnyang'anya simu. Mtu alikuwa amemtumia picha ya bango kubwa la kitambaa, lile tunaloita calicot, limefungwa mjini juu ya barabara. Katikati ya calicot palikuwa na mchoro: wekundu kama udongo wa kaburi, weusi uliokimbia kutoka juu hadi chini, buluu iliyopakwa kwa vidole, na nyeupe imetapakaa kila mahali. Hakuna mtu, hakuna mti, hakuna nyumba. Chini yake waliandika kwa herufi kubwa kwamba ni kazi ya siku ya mwisho ya mchoraji Laurent wa Lubumbashi, na kwamba itauzwa mnadani Jumamosi katika hoteli moja kubwa ya mjini.

"Kiki," Delphine akasema, na midomo ilikuwa imemkauka, "njo ile. Njo ile yenyewe."

Mimi nilikuwepo siku ile picha ilipopatikana, na najua vizuri kwamba rangi zile Kambo Laurent hakuzipaka hata kwa kidole. Hakuwa na uwezo. Alikuwa amekufa.

Ngoja niseme taratibu. Kambo Laurent alikuwa mtu wa reli, mzee wa kaskazini ya Katanga, mkatoliki wa kupiga magoti kweli. Alipotoka kazini akaanza kuchora. Alichora juu ya magunia ya unga yaliyofuliwa na kunyooshwa: treni, mabomba ya moshi ya kiwanda, mwindaji na simba, mamba-muntu, yule nusu mtu nusu samaki, mwenye nywele ndefu ameketi kando ya mto. Halafu anabeba picha kwapani, anapita bar kwa bar, nyumba kwa nyumba. Sebule nyingi za mitaa ya Kenya na Katuba, ukitazama ukutani, utaona treni yake. Sikuzote alivaa koti moja la kahawia lililojaa madoa ya rangi, na mwishoni mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka kiasi kwamba mabehewa yalitoka yamepinda. Hakuwahi kuwekwa kwenye ukumbi wowote wa sanaa. Walimfukuza mara ngapi mlangoni, sijui.

Alipokufa, mwaka juzi, kilio kilifanyika kama desturi. Na kwetu, mzee aliyekula miaka yake akifa, wana wanalia lakini wajukuu wanacheza. Ni haki yao, hakuna wa kuwakasirikia. Wanafunga njia, sanduku la maiti halitoki mpaka wapewe kitu. Wanaiba sufuria jikoni. Na mmoja wao anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, na watu wanamwita kwa jina la marehemu naye anaitika. Mpaka sanduku litoke kwenye lupango, yaani ua wa nyumba, yule aliyevaa nguo ndiye mzee mwenyewe. Utamsalimia, utamgombeza, utamdai.

Mwaka juzi aliyevaa koti ni Delphine.

Mama wee, alikuwa hodari! Alitoka na koti hadi magotini, kofia ya mzee usoni, mkono wa kulia unatetemeka. Akakaa kwenye kigoda mbele ya gunia ambalo mzee aliliacha, treni iliyoanzwa tu, behewa moja na nusu. Binamu yake Osée akashika makopo ya rangi zilizobaki. Delphine akachovya, akatetemeka, akapaka: nyekundu, nyeusi, buluu. Wajukuu wengine wakatoka jikoni na unga wa bukari, ugali wetu, mikononi, wakarusha, wakajifutia viganja palepale juu ya rangi mbichi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na Kambo Annie, mjane, akatoka chumbani walimomkalisha, akaweka mikono kiunoni na kuanza kumfokea yule mwenye koti:

"Laurent! Ile train ya bantu unaiharibisha! Na unaenda, sasa miye unaniacha na nani?"

Delphine akakohoa kikohozi cha mzee, akamjibu kitu. Sikusikia alichosema, kelele zilikuwa nyingi, lakini nilimwona Kambo Annie akicheka huku anatikisa kichwa, kama mke aliyezoea. Halafu sanduku likatoka.

Sasa, watu wana midomo. Mjane yule hakulia. Siku ya maziko hakulia, wiki nzima ya kilio hakulia, na upande wa ndugu wa marehemu walianza kutazamana. Mjane mwenye macho makavu kwetu ni jambo la hatari, mtu anaweza kusema maneno mabaya. Kambo Annie hakujali. Alichukua gunia lile, rangi haijakauka vizuri, akalitundika chumbani kwake juu ya kitanda. Na akawasha redio. Tangu siku hiyo redio yake haijazimwa, asubuhi hadi jioni, hata ikikwaruza tu bila stesheni. Ukiizima, mtagombana.

Basi rudi barazani, Delphine na kidole chake. Nikakifunga kwa kipande cha kitambaa.

"Nani alimupatia monsieur Jean-Claude?" nikauliza. Monsieur Jean-Claude, aliyeandikwa kwenye calicot, ni yule bwana wa kununua na kuuza sanaa, viatu vyake havijui vumbi. Alikuwa amepita mitaa yetu akitafuta picha za wazee.

"Kambo mwenyewe. Alimwambia ni Laurent alichora." Delphine akanishika mkono. "Kiki, kambo alibongopa? Ao kichwa yake ilisha kuharibika?"

Hilo ndilo lililomtisha, na tangu hapo halikumwacha. Akinyamaza, mtu atanunua uongo, na siku moja fundi atakwangua ile nyeupe, atakuta unga wa bukari, watarudi kumtafuta. Jela ya Kasapa ilikuwa inamngoja, aliiona. Na jina la mzee litakuwa jina la mwizi, hata treni zake za kweli watazichana. Akisema, Kambo Annie ataaibika mbele ya mji mzima, bibi mwongo, mjane asiyelia, sasa tena anauza picha za bandia. Alikuwa amebaki na kambo huyo mmoja tu duniani.

Alimpigia Osée. Osée, mwanaume mzima mwenye ndevu, aliposikia habari ya mnada alipanda gari la Sakania siku hiyohiyo, eti anaenda kutafuta biashara mpakani. Simu yake ikafungwa. Nilicheka, lakini Delphine hakucheka.

Siku zile alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Jeep ya polisi ilisimama mbele yetu ili mmoja wao anunue vocha ya simu, Delphine akaacha mteja na vipimo vyake, akakimbilia chooni na kujifungia. Usiku hapati usingizi, mchana anashona mikono ya nguo kinyumenyume. Akajikaza akampigia monsieur Jean-Claude.

"Monsieur, ile picha ya kambo… iko na shida."

"Haina shida hata moja," bwana akajibu, sauti laini kabisa. "Nilimuuliza mama yenyewe, mara mbili. Bapapier iko tayari. Muntu anataka kuiharibia jina, atasema mbele ya juge."

Delphine aliposikia neno hilo la juge, hakimu, alikata simu na kuitupa kwenye kapu la vitambaa, kama imemuuma.

"Nyamaza," mimi nikamwambia. "Nyamaza kabisa, tia pamba masikioni. Batauzisha, bataenda nayo Ulaya, nani atakuja kukwangua bukari kule Ulaya?" Ndiyo, nilimwambia hivyo, na bado nasema ulikuwa ushauri mzuri.

Lakini mateso yenyewe ni kwamba kitenge kile chenye damu, alichokileta Kambo Annie bila kusema ni cha nini, kilikuwa nguo yake ya kuvaa mnadani. Delphine alilazimika kumshonea. Siku ya kumpima tulienda sote nyumbani kwake Kenya, redio inakwaruza dirishani, na bibi amesimama katikati ya chumba akiinua mikono kama mtoto anayevishwa. Juu ya kitanda palikuwa na alama ya mraba ukutani pale picha ilipokuwa.

"Ingiza hapa pa kiuno," Kambo Annie akaagiza. "Siku ile bantu bakubwa bataniangalia."

"Kambo," Delphine akasema, pini kati ya midomo. "Ulimwambia nini monsieur Jean-Claude?"

"Kweli tu. Aliniuliza nani alichora, nikasema Laurent."

"Mais, kambo…"

"Mais nini? Laurent alibeba bile bipicha yake mu mukono miaka yote, banamufukuza ku ma-bar sawa muntu wa kulombalomba. Leo banamuweka mu hoteli, bakubwa banasimama mbele yake. Unataka miye nikatae?"

Nilimwona Delphine akimeza mate, nikaogopa amemeza pini pia.

"Apana, kambo," akasema.

Jumamosi ikafika. Mimi nilivaa viatu vyangu vya harusi, vikanibana. Ukumbi wa hoteli ulikuwa baridi kwa mashine, viti vimevishwa vitambaa vyeupe kama maharusi, wahudumu wanapita na bilauri. Walikuwepo mabwana wa ofisi za migodi, maprofesa, wazungu wachache, mama mmoja mwenye mkufu wa malakiti, lile jiwe la kijani, mzito kuliko mtoto. Kambo Annie tulimkalisha mstari wa mbele, nguo yake imemkaa vizuri ajabu. Sisi tulikaa nyuma yake. Na mbele, juu ya mguu wa mbao, chini ya taa, ilikuwa ile picha.

Niseme ukweli, ilinitisha. Kwenye kilio ilikuwa kichekesho. Pale chini ya taa ilikuwa kama kitu kinachokutazama. Behewa moja na nusu la mzee lilionekana kidogo chini ya weusi, linazama.

Monsieur Jean-Claude akaeleza. Nyekundu ni moto wa shaba, alisema. Nyeusi ni maombolezo ya mchoraji juu ya maisha yake mwenyewe. Na nyeupe, ah, nyeupe ni ukungu wa mauti ambao mzee aliuona unakuja.

"Bunga," Delphine akaninong'oneza. Kucha zake zilikuwa ndani ya mkono wangu. "Kiki, ni bunga ya bukari."

Kicheko kilinijia, nikakohoa mpaka mhudumu akaniletea maji.

Mnadi, bwana mwembamba mwenye nyundo ndogo ya mti, akaanza kuita bei. Mkono ukainuka. Mwingine ukainuka. Mama wa malakiti na mzungu mmoja mwenye miwani wakawa wanashindana, huyu juu, huyu juu zaidi, na kila mkono ulipoinuka Delphine alifumba macho kama anapigwa. Kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka puani, kwenye baridi ile! Mama wa malakiti akashusha mkono. Mnadi akaita mara ya kwanza. Akaita mara ya pili. Akainua nyundo.

Delphine akasimama.

Nilimvuta sketi. Nilimvuta kwa nguvu, pindo likaachia.

"Haina kambo," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akaikaza. "Ile picha haina ya kambo Laurent. Ni miye. Ni siye bajukulu, mu kilio. Kambo alisha kufa. Nyeupe ni bunga. Munisamehe. Mama huyu hana kosa, ni muzee, bamuache. Munikamate miye."

Monsieur Jean-Claude akacheka kicheko cha meno tu, akasema binti huyu ni mgonjwa, watu wa usalama wamsaidie kutoka. Wanaume wawili wenye suti nyeusi wakaanza kuja upande wetu. Delphine akashika kiti cha mbele. Mimi nilianza kusema Salamu Maria.

Mnadi akainua mkono kuwazuia. Akamgeukia Kambo Annie, kwa heshima kabisa.

"Mama, unisamehe. Weye njo ulitoa picha. Nani aliichora?"

"Ni bwana yangu, Laurent," Kambo Annie akajibu, bila kusimama.

"Siku ya mwisho?"

"Siku ya mwisho. Mbele bamutoshe mu lupango."

Mnadi akasita. Nadhani yeye pia ni mtoto wa hapa. "Mama… alikuwa muzima?"

Kambo Annie alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha.

"Muzima namna gani? Alikuwa mu sanduku."

Wahudumu ndio walioelewa kwanza. Mmoja aliweka sinia chini, akafunika uso. Halafu maprofesa, halafu mabwana wa migodi, kila mtu aliyezaliwa Katanga na kuzika kambo wake. Kicheko kilipita mstari kwa mstari, na wazungu walikuwa wanauliza nini, nini. Monsieur Jean-Claude alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, uso umemwisha damu.

"Mama, umenifanya nini?" akasema.

"Miye? Ulikunywa chai yangu, uliniuliza nani alichora, nikakujibu. Kama alikuwa muzima, hukuniuliza." Akainuka, akanyoosha nguo yake. "Bucheko yenu munachekea nini? Nipatie kintu yangu."

Mnadi alilaza nyundo mezani, akatangaza kwamba picha imeondolewa. Hakuna aliyemkamata Delphine. Wale wanaume wa suti nyeusi walimsaidia Kambo Annie kukunja gunia, na mmoja alimwita kambo.

Tulipanda taxi. Mimi mbele, wao nyuma, gunia limeviringishwa juu ya mapaja ya bibi. Dereva alikuwa amewasha redio, rumba inapiga. Nilitaka kuimba, Mungu wangu, nilitaka kufungua kioo na kupiga vigelegele, tumepona! Nikageuka kumtania Delphine. Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyepona. Kambo Annie alikuwa anamtazama, na macho hayakuwa ya hasira. Ningependa yangekuwa ya hasira.

"Delphine," bibi akasema. "Mu kilio, nilimuuliza Laurent, unaniacha na nani."

"Ndiyo, kambo."

"Akanijibu: nakuachia radio, nayo inasemaka mingi sawa weye."

Delphine aliniangalia mimi, kama ningeweza kumsaidia. Sikuweza. Ndiyo kwanza nami nilikuwa nasikia jibu lile.

"Leo umesimama mbele ya bantu yote, umesema haina Laurent, ni weye," bibi akaendelea, polepole. "Sasa nataka unijibu miye. Ile neno ya radio, ni yeye aliisema? Ao ni weye?"

Katika siku zote zile, za jeep na za juge, sikumwona Delphine na woga kama ule. Ningekuwa mimi ningedanganya, haki ya Mungu, ningesema ni yeye, kambo, ni yeye kabisa. Gari lilipita gari jingine, tukarushwa kwenye shimo, gunia likateleza na bibi akalishika kwa mikono miwili.

"Ni miye, kambo," Delphine akasema. "Nilitunga tu. Bantu bacheke."

Kambo Annie aliitikia kwa kichwa. Alitazama nje kidogo, maduka, watu. Kisha akamgusa dereva begani.

"Baba, zima radio."

Dereva akazima. Kukawa kimya, na ndani ya kimya kile Kambo Annie akaweka uso wake juu ya gunia na akalia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia wajane siku ya kwanza, anaita Laurent eh, Laurent eh, umenifanyia nini, mpaka watu wa barabarani walitazama ndani ya gari. Dereva alisogea kando ya njia akasimama bila kuambiwa. Delphine alimshika, na unga mkavu ulikuwa unabanduka kutoka kwenye gunia na kuanguka juu ya nguo mpya.